Gemu la mafumbo la 2009 bado linahudumiwa na studio yake ndogo: wapenzi wa mafumbo Unguja na Pemba, tuzungumze

Kete64 (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Wiki iliyopita nimenunua simu mpya, na kitu cha kwanza nilichopakua, hata kabla ya WhatsApp, ni Machinarium, lile gemu la mafumbo la roboti. Likafunguka mara moja. Hakuna onyo la toleo la zamani, hakuna skrini kuganda. Yule roboti Josef akatupwa jaani vipande vipande kama nilivyomwona nikiwa kijana, nikakaa kitako nikaanza kumkusanya, kichwa huku, mkono kule. Nikasema hili lazima niliandikie uzi.

Nililijua gemu hili kipindi cha giza kubwa. Wenzangu wa Unguja mnakumbuka. Ule mkatiko wa umeme wa 2008 ulikuwa wa mwezi, tukadhani ndio mwisho wa shida. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ukaondoka tena kisiwa kizima na haukurudi mpaka Machi 2010. Maji ya mfereji hayapandi, barafu inatafutwa kama dawa, Darajani usiku ni kandili na ngurumo za majenereta. Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa na leptopu kuukuu. Akiipeleka kuchajiwa kwa mwenye duka aliyekuwa na jenereta, na chaji ikijaa inatupa saa moja na nusu tu. Saa moja na nusu hiyo tukigawana watu watano, juu ya jamvi, joto, milango wazi, mwangaza wote nyumbani ni ule wa skrini. Na ndani ya skrini mji mzima wa vyuma vyenye kutu, mabomba yanavuja mvuke, na karoboti kadogo kanakorefuka na kufupika kama antena ya redio.

Gemu lile halina neno hata moja la kusoma wala la kusikiliza. Josef akiwaza, kiputo kinatokea juu ya kichwa chake na ndani yake kuna picha. Bibi yetu, ambaye Msahafu anausoma lakini herufi za Kizungu hazijui, akawa anatutazama begani. Kuna pahala Josef anataka kuvuka daraja na askari hamwachi. Sisi vijana tulikwama siku mbili, yaani chaji mbili. Bibi akauliza tu, "Kwani hawezi kuvaa kofia kama ya huyo askari?" Na ndivyo hasa: unaichukua koni ya barabarani, unaitia rangi ya buluu, unaweka taa juu yake, Josef anaivaa, daraja linashuka. Nyumba nzima tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama umeme umerudi.

Jengine lililomfurahisha bibi ni kitabu cha msaada. Kimefungwa. Ukitaka kukifungua unacheza kwanza kimchezo kidogo, ufunguo unaruka na kupiga buibui mpaka ulifikie tundu la kufuli, ndipo unaoneshwa jibu. Bibi akasema, "Hawa wanataka mji." Kwani ndivyo tunavyofanya sisi: nimekutegea kitendawili, umeshindwa, huambiwi hivi hivi, nipe mji kwanza. Tangu siku hiyo kwetu kile kitabu kinaitwa mji.

Sasa nifike kwenye nia ya uzi. Studio yenyewe inaitwa Amanita Design, ya Ucheki, ilianzishwa na Jakub Dvorský mwaka 2003, na mpaka leo ni kundi dogo la watu. Machinarium lilitoka Oktoba 2009 na lilijengwa juu ya Flash ya Adobe, programu iliyokuwa ikiendesha magemu na katuni nyingi za mtandaoni. Mnajua yaliyoipata Flash: 2017 ikatangazwa kwamba itazikwa, na ikazikwa kweli 31 Disemba 2020. Magemu chungu nzima yalizikwa nayo. Amanita hawakungoja matanga. Mwaka huo huo wa 2017 walitoa toleo lililoandikwa upya, lisiloitegemea Flash tena. Samorost ya kwanza, gemu lao jengine la mafumbo, ambayo Dvorský aliifanya kama kazi ya kumalizia masomo yake Prague, nayo wakaitengeneza upya na 2021 wakaitoa bure.

Nina deni la kulisema hadharani. Gemu lile lilitufikia la kunakiliwa, ndani ya flashi, kile kijiti cha kuhifadhia mafaili. Agosti 2010 studio ilitangaza msamaha kwa watu kama sisi: waliona kwamba waliolipia kati ya wachezaji wote ni asilimia 5 mpaka 15 tu, wakasema aliyechukua bila kulipa sasa alipe dola 5 badala ya 20, yaishe. Nililisoma tangazo lile nimesimama nyuma ya kiti cha mtu katika intaneti kafe ya Mkunazini. Kadi ya benki sikuwa nayo, wala mtu wa karibu mwenye nayo sikumjua. Imenichukua miaka, lakini nimelilipia mara mbili, la kompyuta na la simu.

Ninaloamini ni hili: gemu la mafumbo halijamalizika siku linapoingia sokoni. Anayelitunza baada ya hapo bado yumo katika kulitunga. Leteni mawazo.

BarzaYaMalindi

Waalaykum salaam. Umenikumbusha giza lile. Sisi tulicheza bao mpaka kete zikapoteza rangi. Nasubiri wengine.

Mninga

Uzi mzuri, lakini mimi naona tofauti kidogo, mnisamehe.

Fumbo ni fumbo likiwa halijajulikana. Nikishajua kwamba ni koni ya buluu, nirudie kwa nini? Gemu la mpira unalicheza kila siku na kila siku ni jipya. La mafumbo unalimaliza mara moja, basi. Kwa hiyo studio yenye watu wachache inapokaa miaka inakarabati gemu la zamani, naona nguvu ile ingetupa gemu jipya. Kitabu kikishachapwa, mtungaji anaandika chengine.

PwaniYaNungwi

Mninga, kitabu ukikiweka kabatini miaka hamsini unakifungua unasoma, labda kimeliwa na mchwa pembeni. Gemu si kitabu. Gemu ni chombo.

Mimi nimekulia kwa mafundi wa vyombo. Ami yangu ana mashua imempita umri. Kila baada ya muda inapandishwa pwani maji yakijaa, inaegemezwa magogo, na kazi inaanza: anaitoa pamba ya zamani iliyooza baina ya mbao, kidogo kidogo, kwa chuma chembamba, asije akaula ubao. Pamba mpya anaisokota kwa viganja, anaitia mafuta, anaipigilia kwenye uwazi kwa patasi na nyundo, na sauti ya nyundo inambadilikia pale pamba inapokuwa imeshiba. Akisikia sauti hiyo anahamia mbele. Kisha chini yote inapakwa deheni, mafuta ya kuzuia maji. Mbao ni zile zile, mashua ni ile ile, samaki ni wale wale. Na kinachowashangaza wageni ni kwamba chombo kikiachwa juu ya mchanga bila kutumika ndio kinaharibika upesi zaidi, kwa sababu mbao zinakauka na kuachana. Ukikirudisha majini kinavuja kila pahala.

Nimesoma habari ya Flash hapo juu nikaona kalafati tupu, ndiyo hiyo kazi ya kuziba chombo kisivuje.

FundiSimu_Darajani

Nathibitisha alichosema wa Nungwi, na naliona kwa macho kila wiki.

Mteja analeta simu mpya, anataka nimwekee gemu lake la zamani. Halikubali. Anadhani simu mbovu. Simu nzima kabisa, bahari ndiyo iliyobadilika. Apple tangu iOS 11, mfumo wa iPhone wa mwaka 2017, wameacha kufungua programu za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani. Ile ambayo mtengenezaji wake hakuipeleka kwenye biti 64, mtindo mpya, ilikufa siku hiyo hiyo, hata kama ndani yake hakuna kosa hata moja. Kompyuta za Mac zikafuata 2019. Upande wa Android, kuanzia Agosti 2019 Google Play ikataka kila sasisho liwe na biti 64, na kila mwaka wanapandisha kiwango cha Android ambacho programu inatakiwa ikilenge. Usipokifikia, baada ya muda wenye simu mpya hawalioni gemu lako dukani. Limo, ila wao hawalioni.

Kwa hiyo ile "kufunguka mara moja" ya Kete64 kuna mtu ameifanyia kazi. Kazi hiyo haina picha mpya ya kuonesha wala fumbo jipya la kutangaza. Mchezaji hatoijua kabisa ikifanywa vizuri.

MaktabaYaMlandege

Mninga ameuliza kwa nini mtu arudie fumbo analolijua jibu lake. Swali la maana, na kuna studio imelijibu kwa vitendo.

Cyan, iliyoanzishwa na ndugu wawili Rand na Robyn Miller, jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1993 walitoa Myst, kisiwa kitupu, wewe peke yako, mitambo, vitabu na mafumbo. Liliuzwa zaidi ya nakala milioni 6, na kwa miaka mingi halikupatikana gemu la kompyuta lililouzwa kulishinda. Wamelijenga upya zaidi ya mara moja. Katika toleo la 2021 waliweka hiari ya kuyachanganya mafumbo, yaani majibu ya kila anayeanza yanabadilika. Namba uliyoiandika kwenye daftari miaka ishirini nyuma haifungui kitu. Inabidi usome tena, usikilize tena, utazame tena. Riven, la pili yake lililotoka 1997 ndani ya diski tano, nalo wamelijenga upya wakalitoa 2024, na mafumbo kadhaa wameyabadilisha makusudi kwa ajili ya sisi tunaolijua kwa moyo.

Na 2018, Myst ilipotimiza miaka 25, walipitisha mchango ili magemu yote ya mfululizo ule yafunguke tena kwenye Windows za sasa. Wachezaji walitoa zaidi ya dola milioni 2. Hao ni watu wanaolipia kitu ambacho wengi wao walikwishakinunua na kukimaliza. Mimi sikuwa na cha kutoa, lakini ile wiki nilikuwa nikifungua ukurasa wa mchango asubuhi na jioni kuangalia umefika wapi.

Tena nikwambie, kisiwa cha Myst mtu wa visiwani anakielewa kwa namna yake. Unaposimama gatini pale mwanzo, maji yanapiga nguzo, hakuna mtu, na unajua kila kitu ulichonacho ni kile kilichomo kisiwani. Nimekulia hivyo.

Mninga

Nimekuelewa MaktabaYaMlandege, na wa Nungwi amenigusa. Hili la mafumbo kuchanganywa sikulijua, na linalibomoa nusu ya hoja yangu.

Nusu iliyobaki ni hii. Mtungaji akiruhusiwa kurudi kila siku kwenye kazi yake, kipi kitamzuia kuiharibu? Naomba mifano ya kubadilisha, maana hii ya kukarabati nimeikubali.

Kete64

Mfano ninao wa Amanita wenyewe. Mwaka 2018 walitoa gemu la Chuchel, kimdudu cha manyoya kinachofukuzia tunda la cheri. Kilikuwa cheusi, na mdomo wake ukifanana na zile picha za zamani za Wazungu kuwadhihaki watu weusi. Wao wenyewe walisema hawakukusudia, lakini baadaye wakatoa sasisho, kikawa cha rangi ya chungwa kote, hata kwenye picha za dukani. Wapo wachezaji waliokasirika, wakasema kazi ya sanaa isiguswe. Mimi niliheshimu. Mwenye nyumba akiambiwa baraza lake linamkwaza mpita njia, analitengeneza, na nyumba inabaki yake.

Lakini hawakuyagusa mafumbo. Mpaka wangu ni huo, Mninga. Rekebisha kinachovuja, ondoa kinachoumiza, ila koni iwe ile ile. Siku wakimpa Josef jibu jengine pale darajani nitahisi wamemsahihisha bibi yangu, Mungu amrehemu.

BiKarafuu

Salamu kutoka Wete. Huku Pemba giza lenu la 2009 tulilisikia kwenye redio, sisi tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, kukatika kwetu ni jambo la kila siku. Waya wa baharini kutoka Tanga umetufikia 2010.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi. Hiyo Samorost ya bure mliyoitaja ndiyo ninayoitumia Alkhamisi baada ya masomo. Leptopu moja, watoto ishirini na kitu. Sheria nimeiweka: anayeshika kipanya haruhusiwi kuamua, anaamuliwa na wenzake. Basi ungewaona. Yule mzee mdogo wa kofia ya kulalia anaona jabali jengine linaikaribia nyumba yake angani, watoto wananyamaza kimya kabisa, kisha mmoja anasema polepole, "Bonyeza lile jani." Halibonyezeki. "Bonyeza lile jiwe." Kuna mtoto mmoja hasemi darasani, hata jina lake nilikuwa nalisikia kwa tabu. Siku ya tatu ndiye aliyegundua kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiona. Hakusema, alinyoosha kidole tu. Wiki iliyofuata alinyoosha kidole kwenye hesabu.

Gemu lisingetengenezwa upya nisingekuwa nalo, kwa sababu lile la zamani kivinjari cha leo hakilifungui. Shukrani zangu kwa hao watu wa Ucheki ni za kweli kabisa na laiti ningejua namna ya kuwafikishia.

UfunguoWaShaba

Bi mkubwa, waandikie. Nakwambia kwa uzoefu, watu wa studio ndogo wanazisoma barua zote.

Sisi ni vijana watatu hapa Mjini. Tumetengeneza gemu dogo la mafumbo kwa Godot, programu ya kutengenezea magemu, kwa sababu ni ya bure na hakuna siku mtu atakuja kukubadilishia masharti. 2023 tuliona Unity, wenye programu nyengine ya namna hiyo, walivyotangaza kutoza ada kwa kila gemu linapopakuliwa na kuwekwa, watu wakapiga kelele mpaka mwaka uliofuata ikafutwa. Tukasema sisi tusijitie huko.

Gemu lenyewe ni nyumba moja ya Mji Mkongwe usiku. Mafumbo yapo kwenye milango: unasoma nakshi za mbao, samaki, mnyororo, yungiyungi, mtende, na kwa mpangilio wake unajua misumari gani ya shaba uigonge. Tulilitoa tukafurahi, tukalala. Baada ya miezi mitatu tukapata ujumbe wa mtu wa Chake: mlango wa nne haufunguki, amegonga kila namna, ameanza upya mara sita. Tukamwambia jaribu tena, hujapatia. Naona aibu mpaka leo. Siku kumi baadaye tukaazima simu ya aina yake, yenye skrini ndogo, tukaona msumari wa mwisho umekatwa na ukingo wa skrini. Haugongeki. Mtu yule alikuwa amelijua jibu siku zote, na sisi ndio tuliokuwa tukimwambia hajui.

Tulikesha tukalirekebisha. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi mmoja wetu anafungua gemu kwenye simu tatu kongwe tulizokusanya, anacheza kuanzia mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Pesa lililoingiza halifiki hata vocha za mwezi. Tunaendelea kwa sababu anayekaa na fumbo lako amekupa akili yake na muda wake kwa kukuamini kwamba jibu lipo. Lisipokuwepo, umemdhulumu.

FundiSimu_Darajani

UfunguoWaShaba, njooni dukani. Simu kongwe zinazowaka ninazo, za skrini kila saizi. Chukueni, sidai kitu.

Mninga

Hoja yangu naiondoa, wadau. Huo mlango wa nne umenimaliza. Naomba kiungo cha hilo gemu, nalilipia leo.

BiKarafuu

Na mimi naomba, kama inafaa kwa watoto.

UfunguoWaShaba

Inafaa, bi mkubwa. Nimekutumia la bure kwa ajili ya skuli, lile la leptopu. Likikwama pahala popote niandikie mimi moja kwa moja, hata usiku.

BiKarafuu

Leo Alkhamisi tumelijaribu. Milango mitatu wameifungua kwa makelele, mwalimu mkuu akaja dirishani akabaki pale pale mpaka mwisho. Wa nne umewashinda. Msumari wa mwisho unaonekana vizuri, nimeukagua mwenyewe, ni wao tu hawajauona mtende umeelekea wapi. Wakaniomba jibu. Nikawaambia nipeni mji.

Wakanipa Mkoani. Nikawaambia Mkoani nimeshakwenda. Wakanipa Chake, nikasema hautoshi. Yule mtoto wangu wa kunyoosha kidole akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: "Mwalimu, tusikupe mji. Tuachie mpaka Alkhamisi."